Jani Ambalo Sikulibadilisha

Katika chekechea ya kanisa letu ninakofundisha, hapa Glenwood, kusini kabisa mwa Afrika, majani huanza kupukutika Novemba, katikati ya joto. Kanisa rafiki la Marekani hututumia maboksi: karatasi za rangi ya machungwa, picha za maboga na za bata mzinga. Nje miti ni kijani tupu. Niliuliza kwa nini watoto wa Wakongo na Warundi wabandike majani makavu ya nchi ambayo hawajaiona. Mke wa mchungaji, ambaye ndiye mkuu wa shule, akanijibu, "Wewe na chuo kikuu chako. Gundi iko pale."

Nikagawa gundi. Kila mtoto alipaka rangi jani lake, kisha akasema anamshukuru Mungu kwa nini, nami nikaandika. Majani yote yangebandikwa kwenye mti wa karatasi mlangoni mwa kanisa, kwa ajili ya Jumapili ya shukrani. Wengi walishukuru kwa chipsi. Mmoja alishukuru kwa kukatika umeme, kwa sababu maji yalikuwa baridi na hakuogeshwa.

Msichana wa miaka mitano, aliyejipaka zambarau hadi viwikoni, alisema bila kuinua kichwa, "Asante Yesu, papa ameenda Isipingo. Sasa tunalala."

Isipingo ni mtaa mwingine, mwendo wa nusu saa kwa teksi. Nikaandika hivyo hivyo.

Mkuu wa shule alilisoma jani hilo akiwa amesimama. "Hii haibandikwi. Andika, asante kwa papa na mama."

"Hakusema hivyo."

"Mtoto wa miaka mitano anajua nini?"

"Anajua kama analala au halali."

"Binti yangu, papa yake atakuwa pale dimanche, siku ya shukrani. Unataka kuvunja nyumba ya watu?"

Nyumba ilikuwa imeshavunjika. Tulichokuwa tunalinda ni uzuri wa ukuta wetu. Lakini swali lile lilinikera kwa sababu halikuwa la kijinga. Kama jani lingeleta matata, yasingenifuata mimi. Yangemfuata mama wa mtoto. Nikakataa kubadilisha hata neno moja, ila sikulibandika. Nikamsubiri mama huyo.

Alifika jioni akitoka kazini saluni, vidole vikinukia mafuta ya nywele. Nikampa jani.

"Mkuu anataka niandike mengine, na mimi siandiki. Lakini ukisema lisibandikwe, utaenda nalo nyumbani."

Akasoma, akarudia kusoma. Akamgeukia mtoto. "Ni wewe ulisema hivi?"

"Ndiyo. Na wewe unakoroma."

Mama alicheka hadi akafuta macho. Kisha akanyoosha mkono. "Leta gundi, mwalimu."

Akalibandika mwenyewe, katikati kabisa ya mti. Mkuu wa shule alikuwa amesimama kando yetu. Kwangu angeweza kukataza. Kwa mzazi, hapana.

Jumapili ya shukrani, kila familia huitwa kwa zamu na kwenda mbele ikicheza na sadaka yake mkononi. Baba wa msichana ndiye anayepiga ngoma. Asubuhi hiyo nilimwona akisimama mbele ya mti wa karatasi kwa muda, kisha akapita karibu yangu bila kunisalimia.

Familia yao ilipoitwa, aliweka vijiti chini na kufunga kifungo cha koti, tayari kujiunga nao. Mama akamgeukia.

"Wewe baki," alisema, kwa sauti ile ile ambayo angetumia kumwambia mteja asogeze kiti. "Leo tunaenda wawili."

Mabenchi ya nyuma yakauliza kumetokea nini. Mke wa mchungaji akanikazia macho. Nami nikamkazia. Kama alitaka niinamishe kichwa, alikuwa amekosea mtu.

Mama na binti walisimama katikati ya njia, sahani ya ndizi mkononi. Hawakurudi kukaa. Bila ngoma hawakuweza kucheza, na hawakuwa tayari kutembea tu.

Mtoto akachoka kusubiri.

"Papa, piga."

Akafungua kifungo cha koti, akakaa, akaokota vijiti. Wakaenda wawili, wakicheza.