Darubini Niliyoifunga Kwenye Bunduki ya Mkwe

Jamani, habari hii mimi huwa siisemi, na mpaka leo nikipita njia ya Endamarariek nashusha kofia, kwa sababu wapo wazee kule ambao jina langu hawalijui lakini wakiniona tu wanaulizana kama yule si ndiye fundi wa darubini. Ndiye. Leo mmenibana, basi nitawaeleza ilivyokuwa, ingawa nakiri kuna sehemu ambazo nilikuwepo, tena nikiwa katikati kabisa, na bado sizielewi vizuri.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Kagera, dukani hakuna sabuni wala sukari, spea za gari ndiyo usiseme, na mimi nilikuwa fundi wa karakana katika shamba moja la kahawa juu ya Karatu. Nilitoka kwetu Singida kama wenzangu wengi kutafuta kibarua, nikaanza kwa kuchuma kahawa nikaishia kushika spana (na kwa sababu ya kukosa spea, ukiweza kulazimisha kifaa cha trekta kikae kwenye lori watu walikuita injinia, na mtu akiitwa injinia kila siku kichwa kinaanza kuvimba). Nikampenda Paskalina, binti wa Mzee Tluway, Mwiraqw mwenye shamba la mahindi kule juu linakopakana na msitu wa Ngorongoro. Posa nilishapeleka. Mzee hakukataa wala hakukubali, alisema tu kwamba atanitazama. Hilo neno ndilo lililoniharibu, maana mtu akiambiwa anatazamwa anaanza kutafuta cha kuonyesha.

Sasa huyu mzee alikuwa na bunduki yenye kibali chake halali. Ilikuwa ya jeshi la Waingereza, ya wakati wa vita ya Hitla, nzito kama mchi, yenye mbao mpaka karibu na mdomo, ambayo mlowezi mmoja aliyekuwa mwajiri wa mzee aliinunua baada ya vita na kumwachia alipoondoka. Nyuma ilikuwa na kibao kidogo cha chuma chenye kitundu, na mbele kwenye ncha ya mtutu ilikuwa na kijino. Unachungulia kitunduni, unakiweka kijino juu ya kile unachokitaka, unapiga. Mzee alikuwa ameyalinda mahindi yake kwa kitundu hicho miaka na miaka na sijawahi kumsikia akikilalamikia.

Yaliyolalamika ni macho yake. Msimu ule nyati dume alikuwa anashuka kutoka msituni, peke yake, na alikuwa ameshamvunja mbavu jirani mmoja aliyekwenda kufukuza nguruwe akakutana na yeye. Mzee alimwona mara moja akashindwa kumlenga, akasema kijino siku hizi anakiona kama ukungu. Alikuwa anasema tu, kama wazee wanavyosema magoti yanauma. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pale na chai yangu, na Paskalina anasikia, nikasema, baba, hilo dogo, mimi nitakufungia darubini.

Darubini yenyewe nilikuwa nayo kweli. Kulikuwa na Mzungu aliyefunga mizigo yake akarudi kwao, akaacha karakanani sanduku la vikorokoro, na ndani yake mlikuwa na darubini ya bunduki, bomba jeusi lililopakwa mafuta, ukichungulia unaona nyuzi mbili zimekatana katikati kama msalaba. Kitu kizuri, kipya, kilichotengenezwa kwa ajili ya bunduki nyingine kabisa. Mzee alifikiri kidogo, akanikabidhi bunduki bila risasi, akasema niirudishe kama ilivyo ila iwe inaona.

Nikaibana kwenye jiliwa. Tatizo la kwanza, darubini haikuwa na mahali pa kukaa, kwa sababu pale juu ndipo lilipo komeo la kusukumia risasi, na nyuma yake ndipo kilipo kile kibao cha kitundu. Nikatengeneza mkono wa chuma kutokana na springi ya gari, nikajaribu kuupachika huku, nikajaribu kule, kila ninapoupachika kibao kinauzuia. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeirudisha bunduki akasema imeshindikana. Mimi nikachukua msumeno wa chuma nikakikata kibao. Nilijiambia kwamba mwenye darubini hana haja na kitundu, na maneno yale yalinipendeza sana wakati ule. Nikatoboa, nikakaza skrubu, nikapaka rangi nyeusi. Tatizo la pili, risasi zilizokuwa zinasukumwa kwa fungu kutokea juu sasa zilikuwa haziingii ila moja moja kwa ubavu, kwa kuwa darubini imeziba njia. Nikaliona hilo nalo si kitu.

Kuijaribu sikuijaribu. Risasi za mzee zilikuwa chache, na kupiga ovyo kungeleta maswali. Nilichofanya ni kusimama mlangoni mwa karakana nikachungulia, nikaliona paa la kanisa la ng'ambo kama vile liko mezani kwangu, mpaka kutu ya misumari, nikasema kazi imekwisha. Kwamba darubini inaweza kuwa inatazama kanisani na mtutu wenyewe unatazama kwingine, wazo hilo halikunijia hata kidogo.

Mzee alipoishika akachungulia, akasema anaona giza. Nikamwambia asogeze jicho mbele. Akasogeza, akasema sasa anaona mduara. Nikamwambia arudi nyuma kidogo. Akarudi, akasema mduara umekimbia. Tukaendelea hivyo, mbele na nyuma, mpaka akachoka, akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akasema polepole, "Mkumbo, wewe uliyeifunga ndiye unayeiona. Nyati akija, utapiga wewe."

Mimi nilikuwa nimepiga bunduki kwenye mafunzo ya mgambo, tena kwa zamu. Nikasema sawa baba.

Nyati akaja asubuhi ya mnada. Yowe likapigwa, watu waliokuwa wanajiandaa kwenda mnadani wakakimbilia kule na mbuzi wao na mizigo yao, na Bwana Nyama mwenyewe, yule afisa wa wanyamapori ambaye siku ile kwa bahati alikuwa anapita na Landrova yake, akasimamishwa barabarani akaja. Mnyama alikuwa ndani ya mahindi ya mzee, mahindi yamekauka, unasikia tu yanavunjika humo ndani. Bwana Nyama akaliacha gari juu kwenye njia, akawaambia watu wote wapande kwenye mwinuko, akamwambia Mzee Tluway akae upande wa chini na bunduki yake na mtu wake wa kupiga, na mtu yeyote asipige mpaka mnyama atoke peupe. Yeye akazunguka upande wa msitu.

Basi nikalala kifudifudi kwenye tuta, mzee ameketi pembeni yangu, kijiji kizima juu ya mwinuko kinanitazama, na Paskalina yumo. Nikachungulia. Naomba mnielewe hapa. Ukitazama kwa macho yako unaona shamba, unaona njia, unaona hiki kiko kushoto na kile kiko kulia. Ukitazama kwa darubini huoni shamba, unaona jani moja. Ukisogea kidogo unaona jani jingine, na hujui limetoka wapi. Nikalitafuta shamba nikaona wingu. Nikashusha nikaona udongo. Nikainua tena, na mara mduara wote ukajaa weusi, manyoya meusi yanapumua, halafu pembe. Ametoka peupe. Nikausogeza ule msalaba, na jicho langu nikalibana kabisa kwenye kioo nisimpoteze, nikapiga.

Kilichofuata nitawaambia kama kilivyonijia, bila mpangilio. Kwanza kitu kilinipiga juu ya jicho, nikajua nyati amenifikia. Kisha nikaona wekundu, upande mmoja wa dunia ukawa mwekundu kabisa. Kisha nikasikia kelele kutoka kwenye mwinuko, watu wote kwa pamoja, na katika akili yangu ile iliyotikisika nikaelewa kwamba nimeua na wananishangilia. Nikasimama. Damu inanitiririka mpaka kidevuni, nikainua mkono nikawapungia, nikasema asanteni. (Paskalina ananiambia nilisema mara mbili.) Wao wakazidi kupiga kelele na kuonyesha kwa mikono, wengine huku, wengine kule, mmoja analia kwamba bunduki imemlipukia Mkumbo, mwingine anasema nyati amekufa, mwingine anasema nyati yule anakwenda. Nikajifuta jicho, na hapo nikatambua ni darubini yenyewe iliyonipasua nyusi bunduki iliporudi nyuma. Mbele yangu, pembeni mwa mahindi, alikuwa amesimama maksai mweusi wa Mzee Tluway, yule wa kuvuta mkokoteni wa maji, ambaye kwenye vurugu alichomoka na kwenda kula mabua. Mzima kabisa. Anatafuna.

Nikamwuliza mzee nyati yuko wapi. Mzee alikuwa anatazama juu njiani, na mimi nikatazama, nikaona Landrova ya Bwana Nyama inatoa mvuke kama chungu, na dereva wake, ambaye Mungu alimjalia kwenda kuvuta sigara kando, amesimama na sigara mdomoni bila kuivuta. Risasi ilikuwa imepita mbali kabisa na ng'ombe ikaingia kwenye rejeta.

Wakati huo Bwana Nyama, kule upande wa msitu, alikuwa amesikia mlio na ukelele, akaelewa kama nilivyoelewa mimi, kwamba mnyama ameanguka. Akatoka alikojificha na bunduki begani. Nyati naye, ambaye hakuguswa na mtu, akaona sasa inatosha, akatoka kwa kishindo kuelekea kwake hasa. Bwana Nyama alijitupa kwenye mtaro wa kuzuia mmomonyoko, mnyama akauruka mtaro na yeye ndani yake, akaingia msituni. Nilipouona mtaro ule mtupu, hakuna mtu anayeinuka, nikajua nimeua kweli, ila si nyati. Halafu kofia ikatokea, na chini yake uso umejaa tope.

Alikuja mpaka niliposimama. Akaitazama bunduki, akaushika ule mkono wa springi, akapitisha kidole mahali palipokuwa na kitundu.

"Cha zamani kiko wapi?" akauliza.

"Nilikikata, bwana."

"Kilikuwa kimeharibika?"

Nikasema hapana. Akatikisa kichwa kama mtu anayejaribu kutoa maji sikioni, akaniambia nifungwe kitambaa.

Mkidhani aibu iliishia hapo, bado. Gari lilikuwa halina maji wala pa kuyaweka, na karakana ya karibu yenye vifaa ni yangu, na njia ya kwenda huko inapita katikati ya mnada. Bwana Nyama akaamuru Landrova ifungwe minyororo na ivutwe na maksai. Wakaletwa wawili, na wa kulia alikuwa yuleyule mweusi. Akasema aliyepiga ndiye atakayeswaga. Basi tukaenda, mimi mbele na fimbo, kichwa kimefungwa khanga ya mama mmoja yenye maua, maksai niliyemkosa anavuta gari nililolipata, kijiji nyuma. Mnadani watu waliacha kununua. Wamasai waliotoka na ng'ombe wao Loliondo walisimama na fimbo zao wakatutazama kwa adabu kabisa, na mmoja akamwuliza dereva hivi Landrova siku hizi zimeanza kuja na ng'ombe. Nilitamani ardhi ipasuke. Usiku kucha na kesho yake nilikuwa karakanani naziba tundu la risasi kwa risasi, ile ya kuyeyusha.

Bunduki ilichukuliwa kwa muda, ikarudi baadaye na kitundu kipya kilichowekwa na wanaojua. Darubini wakanirudishia mkononi kama mtu anavyorudisha panya. Sikwenda kwa Mzee Tluway. Nilijua jibu la posa. Lakini mavuno yalipokaribia akaniita mwenyewe, akasema nije na lile bomba. Nikalipeleka. Akaketi mlangoni, akatazama ng'ombe wake ng'ambo ya korongo, akalisogeza jicho mbele na nyuma mpaka akaupata mduara, akakaa nao muda mrefu sana.

"Yule ni maksai wangu au ni kichaka?" akaniuliza.

Nikasema mimi sijui, baba.

"Hata mimi sijui," akasema, akalishusha bomba, akafikicha macho. "Ningepiga vilevile." Kisha akamwita Paskalina alete chai, na habari ya mahari ikaanza kuzungumzwa kana kwamba haikuwahi kusimama.

Tangu hapo mtu akiniletea kitu kinachofanya kazi na kuniambia nikiboreshe, namwuliza kwanza kama amekichoka, na bunduki siigusi, hata ya kuipanguza vumbi. Darubini nimeishika mara moja tu. Mtalii mmoja ambaye gari lake nilikuwa nimelitengeneza pale juu ukingoni mwa kreta alinipa yake kwa furaha, anataka nimwone faru kule chini. Nikachungulia, nikamrudishia, nikamwambia ni mzuri sana. Alifurahi. Lakini mkiniuliza leo kama nilichokiona kilikuwa faru, mimi siapi.