Jicho la Kinyozi

"Kaka, mbona unanililia, kwani nimekufa?" mteja aliuliza, akifuta chozi lililomdondokea kisogoni.

Kinyozi alicheka, lakini roho ilimwuma. Tangu mfereji wa machozi uzibe, jicho lake halikauki na wateja wanamkimbia.

Hospitalini, daktari alimwonyesha picha ya kichwa chake. "Nitayatobolea machozi njia mpya ya kwenda puani. Ila kwako kuna kijichumba cha hewa kimejibanza kati ya pua na mfuko wa machozi. Bila picha hii, ningetoboa nikaishia humo."

"Basi pita tu, daktari, usije ukahamia!"

Kidonda cha upasuaji kilipopona, daktari alimtia jichoni dawa ya manjano, aone kama itapita hadi puani. Wakangoja. Kinyozi akapenga kamasi, kitambaa kikawa cha manjano. Mkewe, aliyemsindikiza, akapiga vigelegele korido nzima.