Motokari Iliyokataa Kusukumwa

Hata leo mtu akiniambia kwamba motokari isiyo na pedali ya kushoto ina vyuma vichache kuliko nyingine, ninakataa. Nimefungua za aina zote mbili, Bukavu, Kindu na kwingine nilikofikishwa na miguu yangu isiyotaka kutulia. Kitu kimoja tu hakimo: ambreyaje, ile ambayo wengine huiita klachi. Mahali pake pamejaa vitu vingine.

Somo hilo ndilo lililoniondoa kazini wakati wa Wabelgiji, kwenye barabara ya Kasongo kwenda Kabambare. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nina masomo yangu ya sekondari kwa wapadri na buku la kazi lisilo na doa. Nilikuwa shofere wa mzungu mmoja mnunuzi wa pamba. Motokari yake ilitoka Amerika, ndefu, rangi ya maziwa, yenye pedali mbili tu: ya mafuta na ya breki, na hiyo ya breki pana kama jembe. Wanawake wa soko la Kasongo walinicheka kila nilipopita: "Shofere, mguu wako wa kushoto unakula bure!"

Siku hiyo tulikuwa mahali paitwapo Wamaza kupima pamba. Bwana alikaa ndani ya motokari asubuhi nzima akisikiliza redio, injini imezimwa. Tulipotaka kuondoka, batri haikuwa na nguvu hata ya kukohoa. Manivela, kile chuma cha kuwashia injini kwa mkono kama kwenye makamiyo, yale malori ya mizigo, haikuwapo.

Akawaita makantonye, watu kumi na wawili waliokuwa wakitengeneza barabara kwa majembe na vikapu. Kapita wao, msimamizi, alikuwa mzee wa Kibangubangu mwenye filimbi shingoni. Walikuja kwa furaha. Walikuwa wameshasukuma motokari ya daktari, ya wapadri, na makamiyo ya Waislamu wa Kasongo, na zote ziliamka. Hata wimbo wa kusukumia walikuwa nao.

"Shofere, shika usukani," kapita akaniambia. "Ukitaka, tutakupeleka mpaka Kabambare bila mafuta."

Nilijua haitawaka. Nilimwambia bwana kwa sauti ya chini, "Hii haiwashwi hivi." Akajibu, "Shika usukani, nyamaza." Nikanyamaza. Hiyo ndiyo aibu yangu ya siku ile, na siifichi.

Katika gereji moja ya Bukavu nilikuwa nimeona buati, lile sanduku la gia, ya motokari kama ile ikifunguliwa mezani. Kamiyo lina diski ya ambreyaje iliyobanwa kwenye gurudumu zito la injini. Ukikanyaga pedali, diski inaachia. Ukiinua mguu, inashika. Ndiyo maana watu wakisukuma kamiyo, magurudumu yanazungusha meno ya buati, meno yanazungusha diski, na diski inazungusha injini, itake isitake. Motokari ya bwana haikuwa na diski hiyo. Kati ya injini na buati palikuwa na kitu kama bakuli lililofunikwa, na ndani yake feni mbili zinazotazamana katika mafuta mepesi mekundu. Moja ikizunguka, mafuta yanaisukuma ya pili. Nyuma yake kuna mikanda ya chuma na visahani vyembamba vinavyokaza na kulegea vyenyewe, vikibadili vitesi, yaani gia, kwa nguvu ya mafuta. Na nguvu hiyo hutoka kwenye pampu mbili. Ya mbele huzungushwa na injini. Injini ikilala, nayo imelala. Ya nyuma huzungushwa na magurudumu, lakini haina nguvu mpaka motokari iende mbio kumshinda mtu yeyote. Kwa hiyo watu wanasukuma, magurudumu yanazunguka, na injini haina habari.

Walisukuma mara ya kwanza wakiimba. Mara ya pili wimbo ulikatika katikati. Kapita akapuliza filimbi, akawatazama watu wake mmoja mmoja.

"Kuna mutu hapa anatuletea uzito," alisema. Akamnyooshea kidole mmoja. "Weye! Bibi yako amezaa siku gani?"

"Juzi, baba."

"Na kitovu ya mutoto?"

"Haijaanguka bado."

"Ndiyo ile! Toka nyuma ya motokari!"

Wenzake walicheka. "Nguvu yote imebaki nyumbani!" Kwao, baba wa mtoto mchanga hashiriki kazi nzito na wenzake mpaka kitovu cha mtoto kianguke. Yule mtu akaenda kukaa kando ya barabara, kichwa chini. Wakasukuma mara ya tatu, kumi na mmoja na kapita wao. Hapakuwa na kitu.

Bwana hakuona kitovu. Aliona mtu ameketi. "Wanakataa kazi," alisema, akatoa karatasi na kuanza kuuliza majina, kapita akiwa wa kwanza. Karatasi ile ingefika kwa mkubwa wa serikali Kabambare, na kila mtu alijua kilichokuwa kikiwangoja huko: gereza, na mjeledi wa ngozi ya kiboko.

"Bwana, makosa ni yetu," kapita akasema. "Tusukume tena."

Mzee mzima alikuwa akikiri kosa la pampu ya mafuta! Nikafungua mlango, nikashuka.

"Makosa si yao," nilisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Hata ukiita Wamaza nzima, haitawaka. Inataka kuvutwa na kamiyo. Ikivutwa mbio na isiwake, andika na jina langu."

Hakungoja. Aliliandika pale pale, chini ya mengine.

Kamiyo la mfanyabiashara wa Kasongo lilitokea jua likiwa juu, limebeba chumvi na vitambaa. Shofere wake, kofia nyeupe kichwani, alishuka akicheka. "Ndugu yangu, leo utajiri unavutwa kwa kamba?"

Nilimwomba umeme wa batri yake.

"Batri yangu ilikufa zamani. Mimi nawasha kwa manivela na bismillahi."

Tukafunga kamba. Bwana alikataa kuvutwa mbele ya watu, akabaki barabarani nao. Niliweka mkono wa vitesi mahali pa kutoshika kitu, nikala vumbi la kamiyo mpaka lilipofika mahali palipopanuka na kushika mbio yake yote. Hapo nikauvuta mkono wa vitesi, ukashika. Pampu ya nyuma ilikuwa imeamka. Injini ikakohoa, ikanguruma. Tulifungua kamba, kamiyo likaendelea na safari, nami nikageuza.

Niliporudi, bwana alikuwa bado ameshika karatasi. Hapo mguu wangu wa kushoto ukapata kazi: ulikanyaga breki, wa kulia ukashikilia mafuta injini isife. Mkono wangu ulikuwa kwenye ufunguo.

"Sogea," alisema.

"Karatasi kwanza, bwana."

"Shuka!"

"Nikizungusha ufunguo huu, inazima. Kamiyo limekwenda. Na hawa wakisukuma mpaka Tanganyika, umeona mwenyewe."

Aliwatazama makantonye, akautazama mkono wangu. Akaitupa karatasi dirishani, ikaangukia mapajani mwangu. Nikarudisha mkono wa vitesi mahali pa kutoshika kitu, nikashuka nayo, injini ikinguruma, mlango wazi.

"Buku lako utalikuta Kasongo," alisema, akaondoka.

Nililikuta kweli, na ndani yake neno moja la Kifaransa, lenye maana ya mkaidi, lililonifungia milango ya kampuni zote za Maniema. Tangu hapo ninatembea. Kasongo ninaiota mara nyingi, soko lake na wale wanawake wenye midomo. Lakini neno lile sikuliombea msamaha popote, na nikirudishwa barabarani pale leo nitaushika ufunguo ule ule.

Kapita hakujua kusoma. "Jina yangu iko wapi?" aliniuliza. Nikamwonyesha, juu kabisa. Akaichana karatasi vipande, jina kwa jina, akatoa tumbaku mfukoni na kuisokota ndani yake. Kila mtu alipewa lake. Baba wa mtoto mchanga alinyoosha mkono mapema.

"Weye utangoja," kapita akamwambia. "Kitovu bado."

Kipande cha chini kabisa, chenye jina langu, alinipa mimi. Sikuwa mvutaji. Nilivuta mpaka kikaniunguza vidole.