Fundi Kola na Ugonjwa wa Kungoja

Binti yangu amenishikia bango niandike habari za baba yake, kana kwamba mimi na kalamu tumewahi kupatana. Haya. Herufi zikipinda zinyoosheni wenyewe. Mimi nilisoma hadi nilipotosheka.

Mume wangu ni fundi cherehani. Mtaa mzima humwita Fundi Kola, maana kola akiishona yeye husimama hata mvaaji akilala. Siku moja kifungo cha juu cha shati lake kikakataa kufunga, akadai shati limerudi kwa ufuaji wangu. Nikamwambia apime shingo, auache ufuaji wangu. Akapima. Tezi zilikuwa zimevimba pande zote mbili, wala haziumi.

Hospitali wakatoa damu, wakakata kinyama cha tezi. Daktari akasema ni saratani ya seli B, zile chembe za damu zinazoulinda mwili. Zake zimegoma kufa, zinarundikana. Kisha akasema turudi nyumbani, dawa bado.

Saratani, halafu twende nyumbani! Nikamwambia sitoki kwenye kiti kile mpaka dawa itoke. Foleni ikaguna huko nje. Daktari, msichana wa umri wa mjukuu wangu, akasogeza kiti chake karibu.

“Bibi, ugonjwa huu wake unatembea polepole. Nikimpa dawa leo simwongezei siku, namwongezea madhara tu. Ukianza kukimbia, tutaukimbiza.”

“Na ukikimbia wewe umelala?”

“Ndiyo maana utamleta kila baada ya miezi mitatu. Wewe naona hulali.”

Mzee wangu akacheka, msaliti yule.

Tukangoja. Mwaka wa tatu akakonda, jasho likawa linalowesha shuka, damu ikapungua. Daktari akasema sasa. Zamani wangemtundikia dripu kali. Siku hizi wamegundua kwamba seli zile huishi kwa kupokea amri, na kipo kidonge cha kuikata amri hiyo. Kuung'oa ugonjwa hakiwezi, ila kinaunyamazisha. Anameza kila asubuhi nikiwa nimemsimamia, analalamika eti namkagua hadi chini ya ulimi. Tezi zimenywea, mwili umerudi.

Lakini nyinyi majirani mmeshamzika. Mnapita na vitambaa vyenu mkienda kwa fundi wa barabara ya pili, mkinong'ona tusimchoshe mgonjwa. Naye anashinda akipaka mafuta cherehani isiyo na kazi, na hilo ndilo linalomkondesha sasa. Basi kesho leta suruali yako. Ukija na uso wa msiba, uache huko huko nje.