Mutsinzi Hayumo Kwenye Picha

Kwa muda mrefu sisi wa mtaa wa Kabeza, hapa Kigali, tulidhani ile nyumba ya geti la bluu haina mtu. Mapazia yamefungwa kutwa, redio hailii, hata harufu ya maharage haitoki. Kumbe mtu yumo, amevaa hedifoni, anatafuta vicheko.

Ndiyo kazi yake Mutsinzi. Kampuni zinazofundisha wafanyakazi kwa simu hutaka somo liwe na picha na muziki ili watu wasisinzie, na yeye ndiye huvichagua mtandaoni. Siku nzima anatazama nyuso za watu wasiomjua. Kuna mama mmoja wa miwani, anatabasamu na kikombe mkononi. Alimweka katika masomo mengi mpaka akaanza kumwamkia asubuhi. Baadaye aliponisimulia nilicheka, kisha nikaona si jambo la kucheka. Mtu amekulia Bukoba, Tanzania, amekuja Kigali akisema anarudi kwao, walikotoka wazazi wake, halafu anaishia kumwamkia mwanamke wa kwenye kompyuta! Alichokitaka ni mtu mmoja tu wa mtaa huu amwite kwa jina.

Basi akapewa somo la ushirikiano kwa wafanyakazi wa maghala ya Masoro. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo lilivyoanza, na kazi hiyo ikapewa kidole kimoja. Akaweka Wazungu wenye kofia za njano, wamepandanisha viganja kama watoto wanaocheza, na muziki wa makofi. Wateja wakamrudishia: hawa si watu wetu, nani hapa anapandanisha viganja? Hata mimi nauliza.

Ndipo alipotokea kwenye umuganda, kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kamera shingoni na viatu vyeupe miguuni. Viatu vyeupe, na siku hiyo tunazibua mtaro! Nikampa jembe langu, lile la mpini uliofungwa utepe mwekundu.

"Wewe iko mugeni?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Naishi pale kwenye geti la bluu. Mwaka wa tatu sasa."

"Yesu wangu! Kumbe ile nyumba iko na mutu?"

Alilima kidogo, akaliegemeza jembe ukutani, akaanza kupiga picha na kurekodi. Kazi ilipokwisha tukakaa kikao, na Silvère, mkuu wa mtaa, akasema kama kawaida yake: "Bageni basimame, baseme majina, tubakaribishe."

Wakasimama mume na mke waliohamia juzi, tukawapigia makofi. Mutsinzi hakusimama. Aliona haya kujiita mgeni baada ya miaka yote ile, na mwenyeji hakuwa. Akainua kamera, akawapiga picha wale wawili.

Safari hiyo wateja wakalikubali somo. Binti yangu Kirezi anapanga maboksi katika ghala moja huko Masoro, naye akaletewa kwenye simu, tukalitazama jikoni. Raha iliyoje! Silvère na koleo lake, mimi nimeinama mtaroni vibaya, wale wageni wanapigiwa makofi. Muziki hakuweka, aliacha sauti za majembe na kicheko changu. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, likatokea jina lake.

"Mama, na yeye mwenyewe iko wapi?" Kirezi akauliza.

Tukarudia tangu mwanzo. Hayumo. Tulichokiona ni jembe langu la utepe mwekundu, limeegemea ukuta peke yake. Moyo uliniuma.

Nikatoka na simu ya Kirezi, nikaenda kugonga geti la bluu. Alichelewa kufungua, nadhani hakuzoea kugongewa.

"Mutsinzi," nikamwita, "simama hapo nikupige picha."

Akaweka mikono mfukoni, akaitoa, akaificha nyuma. Huyu aliyechagua vicheko vya watu wa dunia nzima, chake hakujua akiweke wapi.

"Nifanyeje, mama?"

"Usifanye kitu. Kaa tu vile uko."

Nikapiga. Ilitoka imetikisika kidogo, macho yake yana machozi. Nikataka kurudia, akakataa, akaniomba nimtumie hiyohiyo. Alisema tangu aje Kigali hakuna mtu aliyewahi kumpiga picha.