Kemunto na Vali za Roketi

Mwanamke wa Kisii atoke nyumbani na mikono iliyopauka? Haijapata kusikika! Lakini Kemunto hutoka hivyo, na baridi yote hii ya Toronto, na wenzake kanisani humcheka wazi. Mama Winfred alishamuuliza kama madukani mafuta yamekwisha.

Hawajui wasemalo. Kemunto husafisha vali za mabomba katika karakana moja huko Malton, na vali hizo hupelekwa pwani ya mashariki, kunakojengwa uwanja wa kurushia roketi. Miaka nenda miaka rudi Kanada imepeleka setilaiti zake kurushwa kwa watu, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Sasa inataka uwanja wake. Ila ndani ya vali zile itapita oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, nayo ikikutana na mafuta, hata tone, yaweza kulipuka. Ndiyo maana siku za kazi hajipaki kitu.

Jumapili moja alikuwa na zamu ya mchana. Mchungaji Murithi, kwa kumwonea fahari, akamwita mbele, akampaka mafuta ya upako kwenye paji la uso, akaibariki kazi yake. Kazini Kemunto alinawa mikono mpaka ikawasha, akavaa glavu, akamaliza vali ya mwisho, sanduku likafungwa. Wakati wa chai akajifuta jasho, kidole kikateleza pajini. Mafuta ya upako! Si alikuwa ameisukuma miwani yake juu hadi pajini kwa glavu ileile aliyoshikia vali ya mwisho?

Lori la kuchukua sanduku lilikuwa linanguruma nje. Angenyamaza, nani angejua? Na kibali chake cha kuishi Kanada kilitegemea kazi hiyo. Anayemcheka na amcheke, lakini moyo ule si wa mchezo: alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wake, Roshanara, akamwambia lori lisiondoke.

Sanduku likafunguliwa, vali ikamulikwa kwa taa ya zambarau inayofichua mafuta. Doa likang'aa, dogo kama punje ya wimbi. Roshanara akaiweka vali kando. Akaagiza ioshwe upya.

Kesho yake Kemunto alifika akijua anafukuzwa. Akakuta kioo kipya kimetundikwa mlangoni mwa chumba cha kusafishia.

"Jitazame uso kwanza, halafu uingie," Roshanara akamwambia. "Kuanzia leo sote tutajitazama."

Jumapili iliyofuata Mchungaji akachovya tena kidole kwenye mafuta. Kemunto akaliziba paji lake kwa kiganja kilichopauka.

"Mchungaji," akasema, "leo niombee kavu."