Ndoo Iliyonitoa Jasho Mbele ya Wahadhiri

Acheni nijicheke mwenyewe kwanza kabla hamjanicheka, maana aibu hii hata mamangu nilimsimulia nusu tu.

Nilikuwa natetea mradi wangu wa mwaka wa mwisho chuoni, kuhusu misemo ya mitaa ya zamani kama Ziwani, na ningeanguka siku hiyo ningerudia mwaka (na mamangu alikuwa ameshatangaza mahafali yangu kanisani). Kitabu nilichokitegemea nilikisomea kwa simu, kitandani kwetu Komarock, kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo, na raha hiyo nani ataikataa? Madam Mwende, mkutubi wetu, aliniambia nipande ghorofani nikaangalie kitabu chenyewe, lakini kuacha begi mlangoni na kupanda ngazi zote zile, mimi? Nikamwambia mimi na simu yangu tunatosha.

Basi nikasimama mbele ya wahadhiri nikaeleza kwa madaha sura nzima ya ndoo, kwamba ndoo njema huanzia nyumbani kwa wazazi, na ndoo ikivunjika mtaa mzima hujua, nami (mtu wa Komarock, ninayejua mfereji ukikauka wiki nzima ni nini) nikaona ni kweli tupu, nikaandika kurasa nne kuhusu shida ya maji.

Profesa mmoja, mama mtu mzima, akavua miwani. "Na ndoo ikivunjika, watoto hubaki na nani?"

"Hubaki na mitungi, Profesa."

Chumba kizima kikacheka, nami bila kujua kwa nini nikacheka pia. Kikao kilikuwa maktabani, na Madam Mwende alikuwa ameketi nyuma. Akatoka, akarudi na kitabu, akanifungulia ukurasa.

"Soma hapa, mama."

Ndoa. Sura nzima, ndoa. Mashine iliyonakili kitabu ilikosea herufi moja, nami nikaimeza nzima nzima.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Madam Mwende, badala ya kunisuta, akawaeleza wahadhiri kwamba nakala ya mtandaoni ina makosa, akawaomba wanipe wiki mbili nirekebishe. Wakanipa. Nilihitimu mwaka huohuo, mamangu akapiga vigelegele, na yule mkutubi namshukuru hadi leo kwa moyo wote.

Siku hizi kitabu nakitafuta kwa simu, halafu napanda ngazi nikahakikishe rafuni. Wenzangu bado huniita Mama Ndoo, na Madam Mwende ameniapia kwamba siku ya ndoa yangu ataniletea moja, ya lita ishirini, yenye kifuniko.